Pea Nne za Raba na Ukucha Mmoja

Usiku wa hina, nyumba ya ghorofa huko Mji wa Kale, Mombasa, wanawake tumebanana sebuleni hata pa kuweka sahani ya kaimati hapana. Mpaka hina akafika miguuni kwangu. Akaushika mguu wa kulia, akauvuta kwenye taa, akakaza macho.

"Mwalimu, piko hii nani alokupaka? Mbona kakupaka kidole kimoja?"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Aliyecheka zaidi ni wifi yangu, kwa sababu yeye alijua. Haikuwa piko, ile rangi nyeusi ya urembo. Ilikuwa damu iliyovilia chini ya ukucha wa kidole cha pili, na siku kumi baadaye nilipovua soksi, ukucha ulibaki humo humo ndani ya soksi.

Naandika haya kwa ajili ya yeyote anayetaka kuanza kukimbia na anadhani, kama nilivyodhani mimi, kwamba kununua raba ni kutaja namba, kulipa na kuondoka. Mimi namba niliitaja. Nilitumia karibu shilingi elfu thelathini kabla sijapata kiatu kilichonifaa, na kwa mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi hizo ni hela za kukosa usingizi.

Nilianza Agosti. Presha ilikuwa imeanza kupanda, daktari akaniambia nitembee nusu saa kila siku tuone kama itashuka kabla hajaniandikia vidonge. Mimi na walimu wenzangu wawili tukawa tunakutana barabara ya Mama Ngina saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kusi inapuliza, bahari inanguruma chini ya magenge, wavuvi wanarudi. Mwezi wa kwanza tulitembea. Wa pili mmoja wetu akaanza kukimbia vipande vipande, kutoka mbuyu huu hadi mbuyu ule, nasi tukamfuata kwa wivu tu, si kwa nguvu. Nilikuwa navaa raba za kitambaa ninazovaaga siku ya michezo shuleni, soli yake nyembamba kama chapati ya hotelini. Nikaona sasa nimekuwa mkimbiaji, nastahili viatu vya mkimbiaji.

Jumamosi moja saa nne asubuhi nikaingia duka moja mjini. Nilichagua asubuhi kukwepa jua na msongamano. Nilivaa buibui na stokingi nyepesi, zile za kwendea harusini. Kijana wa duka akauliza, "Saizi gani mama?" Nikamjibu "thelathini na tisa" bila kufikiri, kama mtu anayetaja jina lake. Nilivaa thelathini na tisa chuo cha ualimu, nilivaa thelathini na tisa siku ya ndoa yangu. Akaleta za waridi zenye kamba nyeupe. Nikavaa, yeye akainama akabonyeza kwa kidole gumba juu ya kidole changu kikubwa. "Hapa iko nafasi. Zikibana kidogo, zitafunguka." Nikapiga hatua nne juu ya zulia, nikajitazama kwenye kioo, nikapenda. Bei elfu saba, tukapatana elfu sita na mia tano. Nilitoka dukani najisifu kwa ile mia tano niliyookoa.

Ukihesabu makosa ya dakika zile kumi na tano unaweza kujaza ubao. Nitayataja hapa, maana dukani hakuna atakayekutajia.

La kwanza, asubuhi mguu ni mdogo. Kadiri siku inavyokwenda, ukisimama darasani na kutembea, damu na maji hushuka miguuni na mguu hunenepa. Ukikimbia hunenepa zaidi, na ukikimbia kwenye joto la Mombasa, ndiyo usiseme. Joto letu si mchezo. Machi 2007 mbio za nyika za dunia zilifanyika hapa hapa, Klabu ya Gofu ya Mombasa, hatua chache tu kutoka tunapokimbilia sisi. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio fupi na ndefu miaka mitano mfululizo, alilemewa akatoka kabla ya mwisho, na Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua ushindi. Kama joto la kaskazi lilimtoa njiani bingwa yule, mguu wa mwalimu wa darasa la nne utakuwaje? Kiatu kinachokukaa sawa saa nne asubuhi ndani ya duka lenye feni si kiatu kitakachokukaa sawa kwenye kilomita ya tano.

La pili ni zile stokingi. Soksi ya mazoezi ina unene wake, na unene huo unataka nafasi. La tatu, alibonyeza kidole kikubwa wakati kidole changu kirefu ni cha pili. Sikuwahi kulitazama jambo hilo maishani mwangu mpaka lilipoanza kuuma. Baadhi yetu tuna kidole cha pili kirefu kuliko gumba, na nafasi ya mbele hupimwa kutoka kidole kirefu, chochote kiwacho. La nne ni lile neno "zitafunguka". Kiatu cha ngozi huweza kulegea kidogo upana ukikizoea. Raba ya kukimbilia, yenye kitambaa cha nailoni juu na sponji chini, haiongezeki urefu hata uivae miaka. Muuzaji akikwambia itafunguka, mshukuru, ivue.

Na zulia! Hatua nne juu ya zulia hazikwambii kitu kuhusu kukimbia juu ya lami.

Oktoba nikapata malengelenge. Novemba vidole vikaanza kuuma tukiteremka kule kunakoelekea Likoni. Nikatafuta dawa yangu mwenyewe: nikalegeza kamba ili mguu upumue. Hilo likawa baya zaidi, kwa sababu kamba ikilegea mguu huteleza mbele kila unapokanyaga, na vidole vinagonga ukuta wa kiatu mara elfu kwa elfu. Niliutwanga ukucha wangu mwenyewe kwa miezi mitatu, asubuhi tatu kwa wiki. Kuja kugutuka, ni usiku wa hina.

Raba zile za waridi nilimpa mpwa wangu ambaye anavaa thelathini na tisa ya kweli. Zimemkaa vizuri mno. Anazivaa chuoni.

Pea ya pili ilitoka Kongowea, sokoni kwa mitumba. Nilikuwa nimesusa maduka, na wifi yangu ana mtu wake sokoni ambaye akifungua bale humpigia simu aje achague kamera, yaani zile bora, kabla wengine hawajafika. Tukaenda. Nikachukua saizi arobaini, nikijiona nimejifunza, nikapanda namba moja. Elfu moja na mia nane. Jina la kiatu kubwa, rangi haijapauka, na nilipotia mguu nikasikia raha ambayo duka halikunipa. Sasa najua raha ile ilitoka wapi. Kuna mtu huko Ulaya au Marekani alikuwa amekikanyaga kiatu kile mpaka kikachukua umbo la mguu wake. Mimi nilivaa mguu wa mtu.

Wiki ya tatu goti la kushoto likaanza kunong'ona. Wiki ya tano mvua ikatunyea karibu na kivuko, na soli ya kushoto ikafungua mdomo kama papa. Nikarudi nyumbani kwa tuktuk nikiwa nimeifunga kwa leso ya kichwa.

Fundi wangu wa viatu, mzee anayekaa Mwembe Tayari na ambaye ameshona mikoba ya watoto wangu wote, aliipindua raba ile, akaikunja, akaibonyeza ubavuni kwa kucha, akatikisa kichwa. "Mwalimu, umenunua maiti." Akanionyesha. Ubavu wa sponji ulikuwa na mikunjo mingi myembamba kama uso wa bibi kizee, na ukiubonyeza hausukumi kidole kurudi. Sponji ya raba nyingi ni EVA, plastiki yenye mapovu madogo ya hewa, na mapovu yale yakishabanwa maelfu ya mara hayainuki tena, hata kama juu kiatu kinang'aa. Akaiweka raba juu ya meza, tukaitazama kwa nyuma: ilikuwa imeegemea ndani. Akaikamata mbele na nyuma akaisokota kama anayekamua nguo, ikazunguka bila ukaidi wowote. Na gundi ilikuwa imeshachoka tangu huko ilikotoka, joto na unyevu wa pwani vikaimalizia. Alinishonea kwa mia na hamsini, lakini akanitahadharisha ni za kwendea sokoni tu.

Sisemi mitumba ni mibaya. Wanangu wamekulia mitumba, na nimeona raba za Kongowea ambazo vumbi la barabara halijawahi kuzigusa. Ila usinunue kwa macho. Fanya alivyofanya yule mzee: bonyeza ubavu, tafuta mikunjo, iweke mahali palipo sawa uitazame kwa nyuma, isokote, tazama chini kama meno ya soli yameliwa upande mmoja, vuta kidogo pale soli inapokutana na kitambaa. Watengenezaji wengi husema raba ya kukimbilia ina umri wa kilomita 500 hadi 800. Mimi nikikimbia kilomita ishirini kwa wiki hiyo ni miezi sita hadi tisa. Sasa mtumba uliokuja hapa tayari umekimbia 600, umebakiwa na nini?

Tufike kwenye pea ya tatu, ambayo ndiyo inayonitia haya. Zile mbili niliponzwa na ujinga. Hii ya tatu niliponzwa na ujuzi.

Baada ya goti kuuma nikaanza kusoma na kutazama video usiku. Nikajifunza habari ya kulowanisha mguu na kukanyaga pakavu uone alama. Nikatia mguu ndani ya ndoo, nikakanyaga sakafu ya baraza. Alama ikatoka nzima, uvungu wa unyayo karibu haupo. Nikajitangazia ugonjwa: nyayo bapa. Zile video zikasema mwenye nyayo bapa anahitaji kiatu kigumu chenye kuinua uvungu, la sivyo magoti yataisha. Mume wangu akaniuliza, "Nyayo zako si ndizo hizo hizo tangu nikuoe?" Nikamwambia hajui.

Nikaagiza kutoka Nairobi, elfu kumi na tatu na mia tano, kwa basi. Sikuzijaribu, nilituma namba ya M-Pesa na neno "saizi 40". Zilipofika zilikuwa nzito na chini ya uvungu kuna kinundu kigumu kama kokwa la embe. Ziliniuma siku ya kwanza ndani ya nyumba. Hapo hapo ningezirudisha. Lakini nikajiambia dawa ni uchungu, mguu utazoea, nikatoka nazo barabarani asubuhi iliyofuata, na muuzaji alikuwa ameshasema wazi kwamba kiatu kilichogusa lami hakirudishwi.

Mwisho wa Januari nikaamka kwa swala ya alfajiri, nikateremsha mguu wa kulia sakafuni, nikapiga ukelele. Kisigino kama kimechomwa msumari. Nilipotembea tembea kikatulia, nilipokaa darasani nikasimama kikarudi. Siku ya nne nilikuwa nakwenda chooni kwa kushika ukuta. Kumbe ni ule utando mgumu unaotoka kisiginoni hadi kwenye vidole, umechokozwa. Wiki sita sikukimbia. Presha, ambayo ilikuwa imeshuka vizuri, ikapanda tena, na nakiri kuna usiku nililia, si kwa maumivu, bali kwa hasira ya kuona kitu nilichokipenda kimenyang'anywa na viatu.

Nilikwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, elfu mbili na mia tano kwa kila kikao, vikao vitatu. Kama ningemwendea kwanza, ningekuwa na akiba mfukoni. Kwa simu aliniambia nije na viatu vyote nilivyokimbilia. Nikaomba za mpwa wangu kwa siku moja, nikafunga mfuko.

Hakuniangalia mguu kwanza. Alizing'oa zile soli za ndani zinazotoka, akazipanga sakafuni, akaniambia nisimame juu yake bila viatu, moja baada ya nyingine. Kwenye za waridi, kidole changu cha pili kilikuwa kinaning'inia nje ya ukingo. Kinaning'inia! Alama ya vidole ilikuwa imechimbwa pale pale kwenye mdomo wa soli. Kwenye zile za Nairobi urefu ulikaribia, lakini kidole kidogo kilimwagika nje upande. Nilikuwa na ushahidi wote nyumbani miezi mitano na sikuwahi kuzing'oa.

Kisha akanipima. Jambo hili fanyeni nyumbani, halina gharama. Unabandika karatasi sakafuni ukiisukuma mpaka ukutani, unasimama kisigino kimegusa ukuta, uzito wote juu ya miguu, mtu mwingine anaweka alama mbele ya kidole kirefu. Usijipime mwenyewe kwa kuinama, mguu hubadilika. Usijipime umekaa. Jipime jioni. Pima miguu yote miwili. Wa kushoto ulitoka sentimita 25.1, wa kulia 25.6. Kiatu kinanunuliwa kwa mguu mkubwa. Ulionunuliwa thelathini na tisa kwa miaka ishirini ulikuwa mguu gani, sijui.

Au najua. Aliniuliza, "Una watoto wangapi, Mwalimu?"

"Watatu."

"Basi miguu hii si ile uliyoolewa nayo."

Nilidhani ananitania. Mimba hulegeza mishipa inayofunga mifupa, pamoja na ile ya miguu, na uzito ukiongezeka uvungu huteremka na mguu hurefuka. Kwa wengine haurudi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa uliotolewa 2013 uliwapima wanawake kabla na baada ya kuzaa, na wengi wao miguu ilikuwa imerefuka, baina ya milimita 2 na 10. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo, si kliniki ya wajawazito, si mamangu, si mavyaa. Tunaambiana juu ya nywele kukatika na meno, lakini miguu hapana. Kila kiatu kilichonibana tangu kifungua mimba wangu azaliwe, nilidhani viatu vya siku hizi vimekuwa vidogo.

Kuhusu nyayo bapa, aliniuliza kama zimewahi kuniuma kabla ya viatu vile vigumu. Hazijawahi. "Sasa nani amekwambia ni ugonjwa?" Nilipofika nyumbani nilisoma zaidi, safari hii kwa utaratibu. Jeshi la Marekani lilijaribu jambo hili kwa maelfu ya makuruti, nchi kavu, anga na wanamaji, na Joseph Knapik na wenzake wakachapisha matokeo 2009 na 2010: waliopewa viatu kulingana na umbo la uvungu wao waliumia karibu sawa na wale waliopewa kiatu cha aina moja tu bila kutazamwa nyayo. Na Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, 2015 alipendekeza yeye na wenzake kwamba kipimo bora tulicho nacho ni starehe, kile kiatu mguu wenyewe unachokikubali unapokimbia. Ndoo yangu ya maji na sakafu ya baraza vilinila elfu kumi na tatu na mia tano. Niliziuza elfu sita.

Ila mtaalamu yule hakuniacha niondoke nikilaumu viatu peke yake. Alinibana mpaka nikakiri kwamba Januari nilitoka kilomita kumi kwa wiki hadi ishirini na tano, kwa sababu mwenzetu mmoja alikuwa amejiandikisha kwenye mbio na sikutaka kuachwa nyuma. Kisigino kililipa deni la mawili. Alinipa mazoezi ya kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu ukutani, na kubingirisha chupa ya maji yaliyogandishwa chini ya unyayo. Nilifanya kila jioni nikisahihisha madaftari.

Pea ya nne nilikwenda kuinunua kama ninayekwenda kwenye kesi. Siku ya kazi, saa kumi na moja jioni, nimesimama darasani tangu asubuhi, kaskazi imenipika kutoka shuleni hadi mjini. Mkobani nina soksi zangu za kukimbilia, rula, na karatasi yenye alama. Kijana wa duka hili lingine akauliza saizi gani. Nikamwambia, "Sitaji. Tazama hapa, 25.6."

Jambo la namba linataka maelezo. Namba ya Ulaya ikipanda moja ni kama milimita 6.7. Ya Uingereza ikipanda moja ni kama milimita 8.5, ndiyo maana zina nusu. Lakini kampuni hazikubaliani: thelathini na tisa ya huyu imeandikwa sentimita 24.5, ya yule 25. Kwa hiyo mimi sasa hutazama lebo iliyo ndani ya ulimi wa kiatu, pale palipoandikwa CM (sentimita) au JP (namba za Kijapani, nazo ni sentimita), ndipo ninapoanzia. Mahali pa kuanzia tu, si pa kumalizia. Kwa mguu wangu nilitafuta 26 na nusu.

Nilijaribu pea tano. Kwanza nang'oa soli ya ndani, nasimama juu yake, yule kijana ananitazama kama mwehu. Vidole visining'inie, nyama ya pembeni isimwagike. Nikivaa, nasimama, namwambia abonyeze mbele ya kidole cha pili cha mguu wa kulia: upana wa kidole gumba chake ukae hapo, kama sentimita moja au zaidi kidogo. Vidole vicheze kama vinapiga kinanda. Kisha kisigino: nafunga kamba vizuri, napanda na kushuka ngazi ya mlangoni, kisigino kisichomoke. Halafu nikatoka nje kwenye veranda nikakimbia, buibui nimeikunja mkononi, kwenda hadi kwa muuza kahawa na kurudi. Wazee waliokuwa wanakunywa kahawa wakanishangilia. Nilikimbia mara tano. Haya zangu nimeshazimaliza pamoja na ukucha.

Za wanawake zote zilinibana ubavuni. Kijana, ambaye kufikia hapo alikuwa ameanza kuifurahia kazi hii, akanong'ona, "Mama, usikasirike. Jaribu za kiume." Viatu vya kiume kwa urefu ule ule hukatwa vipana zaidi. Baadhi ya makampuni huandika upana kwa herufi: B ndiyo ya kawaida ya wanawake, D ndiyo ya kawaida ya wanaume, 2E ni ya upana zaidi. Hapa Mombasa kumpata muuzaji mwenye pea ya kike ya D ni bahati, lakini za kiume zimejaa. Akaleta ya kijivu, sura yake kama punda. Nikaingiza mguu, na mguu ukanyamaza. Sijui niseme vipi. Kwa mara ya kwanza sikusikia kiatu.

Kisigino kilikuwa na uwazi kidogo, kwa kuwa za kiume ni pana na nyuma pia. Yule kijana akanionyesha kazi ya lile tundu la mwisho la kamba, la juu kabisa, ambalo wengi tunadhani ni pambo. Unapitisha kamba kwenye tundu hilo upande ule ule, inabaki kitanzi kidogo, ukishafanya pande zote unavusha kila ncha ndani ya kitanzi cha upande wa pili, unavuta kushuka chini, ndipo unafunga. Kisigino kikatulia tuli. Laiti ningelijua hilo wakati wa zile za waridi. Nisingeliokoa ukucha, lakini ningeusogezea siku.

Nilipotazama ndani ya ulimi, namba ilikuwa arobaini na mbili. Kutoka thelathini na tisa! Elfu kumi na moja, tukapatana elfu tisa na mia nane, lakini safari hii nilichobembeleza kwanza ni risiti na ruhusa ya kurudisha ndani ya siku saba kama hazijagusa lami. Siku mbili nilizivaa ndani ya nyumba tu, nikipika, nikifagia. Mavyaa alipoziona mlangoni alidhani kuna mgeni wa kiume.

Huu ni mwezi wangu wa sita kuzikimbilia. Goti limenyamaza, kisigino hunikumbusha mara moja moja nikizidisha. Naandika kilomita kwenye kalenda ya jikoni. Zikilowa sizianiki juani, jua letu hukausha gundi na kuumiza sponji. Nang'oa soli, nazijaza magazeti, naziweka kivulini penye upepo. Ukucha mpya umefika kati. Ukucha wa mguu huchukua mwaka na zaidi kuota wote, kwa hiyo harusi ijayo bado nitaketi nimekunja mguu wa kulia chini ya leso.

Juzi usiku wifi alinipigia. Na yeye ameanza kukimbia, lakini hakutaka kungoja Ijumaa twende pamoja nimpime.

"Nimeshanunua! Nyekundu, ukiziona utazitaka."

"Ulizinunua saa ngapi?"

"Asubuhi. Ni nzuri, wallahi. Zinabana kidogo tu hapa mbele, ila amesema—"

"Risiti unayo?"

Kimya.

"Wifi, risiti unayo?"